Fyuzi ya Kumi

"Shika tochi vizuri, mwanangu. Unanimulika machoni."

Binti alisogeza simu. Baba yake alikuwa amepiga magoti kwenye changarawe kando ya barabara, mlango wa dereva wazi, kichwa na bega moja vimezama chini ya usukani, miguu imebaki nje ikipigwa na upepo wa kila lori lililopita. Kwa koleo dogo alichomoa fyuzi nyekundu, akaiinua kwenye mwanga. Kile kiwaya chembamba kinachoonekana ndani ya plastiki kilikuwa kimekatika katikati na kuacha doa jeusi.

"Nayo imekwenda," akasema.

Mkewe alikuwa amekaa upande wa dirisha, shali mabegani, mrija mwembamba umepita nyuma ya masikio hadi puani. Miguuni pake mashine ya oksijeni, ndogo kama mkoba wa safari, ilikuwa ikipumua naye: puu, kimya, puu, kimya. Mashine ilikuwa na betri yake ndani, lakini betri ilishachoka, na bila kuchomekwa kwenye soketi ya gari isingefika mbali. Kwenye kioo chake kilikuwa kimebaki kistari kimoja tu.

Jina ambalo baba huyu alipewa na wazazi wake lilishasahaulika mtaani siku nyingi. Walimwita Kagua. Gari lake lilikuwa la kuhamisha vyombo: vitanda, makabati, majokofu, makochi ya watu waliopata nyumba kubwa na ya watu waliopoteza nyumba kubwa. Na kila asubuhi, kabla hajagusa ufunguo, alilikagua. Alipima oili kwa kijiti, akatazama maji ya rejeta, akabonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba, akazigonga tairi kwa kisigino, akajaribu taa, honi na waipa, na mwisho akafungua boksi la fyuzi na kuzitazama moja moja kama mwalimu anayetazama kucha za wanafunzi. Majirani walitania kwamba hata siku ya harusi yake alimwambia bibi harusi ageuke amtazame na nyuma, ndipo akasema ndiyo. Mkewe, aliyekuwa fundi cherehani kabla mapafu hayajamgeuka, alikuwa akiwajibu hivi hivi bila kuinua macho kwenye mshono: "Na hakuona kasoro."

Asubuhi hii pia alikuwa amekagua kila kitu. Safari ya hospitali ya mji mkubwa ilikuwa bado haijafika siku yake, lakini binti, ambaye ni msusi na hulala chumba kimoja na mama yake tangu ugonjwa uzidi, alikuwa ametoka chumbani alfajiri na kusema, "Baba, leo tusingoje." Kagua hakubisha. Alifungua boneti.

Fyuzi ya soketi ilikatika walipoacha nyumba za mwisho za mji wao. Akasimama, akaweka ya akiba, wakaenda. Ile ya akiba ilishika kwa muda, hadi wakaanza kuamini, kisha nayo ikakatika. Akachukua ya redio, kwa sababu redio haina kazi kwa mtu anayetafuta pumzi. Hiyo ndiyo aliyokuwa ameishika sasa.

"Si shoti," alisema, akijiambia mwenyewe zaidi. "Ingekuwa shoti ingekatika palepale ninapoiweka. Hii inashika, inashika, halafu inachoka. Kuna kitu kinavuta umeme kupita kiasi."

"Baba, mimi sielewi mambo hayo. Ninachoona ni hicho kistari."

"Piga tena simu hospitali."

Binti alipiga. Alisikiliza, akaitika, akasikiliza tena, kisha akaishusha simu polepole. "Gari lao la wagonjwa limetoka. Likirudi watatuletea. Wanasema tusiondoke hapa."

"Likirudi lini?"

"Hawakusema."

Pikapu iliyobeba matenga ya kuku ilipunguza mwendo, ikasimama mbele yao. Dereva wake, mtu mnene aliyevaa kofia ya sufu juani, alirudi kwa miguu huku akijipangusa manyoya mikononi. Aliinama dirishani, akaona mrija, akavua kofia.

"Poleni sana. Kimekatika nini?"

"Fyuzi ya kumi, ampea kumi," Kagua akasema. "Unayo?"

"Mzee wangu, mimi gari langu lilisahau fyuzi ni nini." Akatoa pakiti ya sigara mfukoni, akang'oa ile karatasi ya fedha ya ndani. "Zungushia hii. Natembea nayo tangu mwaka juzi, na sijawahi kulala njiani."

Kagua aliitazama ile karatasi. Aliwahi kuona gari la jirani yake lililozungushiwa karatasi kama hiyo: lilibaki vyuma na springi za viti. Fyuzi kazi yake ni kufa kwanza ili waya usife. Karatasi haifi. Waya ndio unaoungua, ndani ya dashibodi, mahali mtu hapaoni mpaka moshi utoke. Na humu ndani kulikuwa na mtu anayevuta oksijeni.

"Nashukuru, ndugu yangu," akasema. "Siwezi."

"Haya." Yule mtu aliikunja karatasi, akaiweka juu ya dashibodi hata hivyo, kwa upole, kama mtu anayeacha sadaka. "Mimi ningewabeba, ila mbele pangu tumekaa watatu, na nyuma mnaona wenyewe." Akavaa kofia yake, akaenda.

Kagua alitoka chini ya usukani, akazunguka hadi upande wa mkewe, akachuchumaa mlangoni. Kama kilichokuwa kinavuta si waya, basi ni mashine. Aliipapasa, ilikuwa ya moto. Akakitazama kile kioo, si penye kistari cha betri, bali juu yake, penye namba ambayo daktari aliipanga kwenye mbili na kuwaambia wasiiguse.

Ilikuwa tano.

"Nani amepandisha hii?"

Binti alishika mdomo. Mkewe alitazama barabara.

"Mimi," akasema mkewe.

"Lini?"

Alipumzika kwanza. Siku hizi kila sentensi aliikata vipande, kama kitambaa kisichotosha. "Tatu, niliweka... mvua zilipokwisha. Nne, baadaye. Tano..." Akanyoosha vidole viwili kuomba subira. "Siku ile ulisema nimependeza. Kwamba rangi imerudi."

Kagua aliikumbuka siku hiyo. Alikuwa ameingia na mikono yenye grisi, akamkuta amekaa mwenyewe kitandani, mashavu yana damu, na alifurahi hata akaenda kulala bila kula. Alikuwa amedhani dawa zimeanza kushika.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini?"

Hakukuwa na ukali katika swali hilo. Aliuliza kama fundi anavyomuuliza mteja aliyeleta suti iliyoungua. Kagua alitazama mikono yake, koleo, kile kifyuzi kilichoungua kwenye kiganja. Ile plastiki nyekundu ilikuwa imemwambia mara tatu njiani jambo ambalo mkewe alimficha miezi, na mara mbili za kwanza aliitupa akaweka nyingine.

"Nikishusha hadi mbili," akasema hatimaye, "fyuzi itashika. Tutafika."

"Shusha basi."

Alishusha. Akachomoa fyuzi ya waipa, ya kumi na yenyewe, akaiweka kwenye soketi, akawasha gari. Kistari cha betri kilianza kumetameta kuonyesha inachajiwa. Waliingia barabarani, na kwa muda mfupi mambo yakawa yale aliyoyajua: gia, usukani, kioo cha nyuma, sauti nzuri ya injini iliyotunzwa.

"Baba." Binti aliyekaa katikati alikuwa amemgeukia mama yake. "Baba, midomo yake."

Aliitazama mara moja tu, na ilitosha. Ilikuwa na rangi ya zabibu. Mkewe alikuwa ameinama mbele, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, na bado alitikisa kichwa kumwambia aendelee tu.

"Pandisha," Kagua akasema.

"Si itakatika?"

"Pandisha, mwanangu."

Ilikatika kabla hawajamaliza kilima.

Akasimama tena pembeni. Safari hii hakutoka. Alishika usukani kwa mikono yote miwili, gari limesimama, kama mtu anayeendesha. Akishusha, mkewe anakosa pumzi. Akipandisha, fyuzi zinakatika. Alikuwa amewahi kupitisha kabati la milango mitatu kwenye ngazi ya kuzunguka, amewahi kuteremsha piano ghorofani kwa kamba na magodoro, na kila mara kulikuwa na upande wa kugeuzia kitu kikapita. Alilitafuta tatizo hili upande. Halikuwa nao.

Kisha akachomoa fyuzi ya taa za mbele. Hiyo ilikuwa ya buluu, ya kumi na tano. Ni mchana, taa hazihitajiki. Lakini waya wa soketi ulikuwa mwembamba, haukufungwa kwa ajili ya kumi na tano. Aling'oa kifuniko cha plastiki chini ya dashibodi mpaka waya ukaonekana, akauvuta nje kidogo, akauchukua mkono wa binti yake na kuuzungushia vidole.

"Usiuachie. Ukiwa vuguvugu, sawa. Ukiwa wa moto kama kikombe cha chai, chomoa plagi kwenye soketi hapohapo, usiniulize. Ukipoa, rudisha. Ukisikia harufu ya plastiki, chomoa, halafu fungueni mlango."

"Na mama?"

"Ukichomoa atatumia betri. Ndiyo hivyo tutakwenda."

Ndivyo walivyokwenda. Vioo wazi, upepo unawatoa machozi, Kagua akiendesha taratibu kwenye mashimo na haraka palipokuwa laini. Binti alikuwa mtu wa maneno, mikono yake na mdomo wake vilizoea kwenda pamoja juu ya vichwa vya wateja, lakini sasa alisema maneno mawili tu. "Moto." Halafu, baada ya muda mrefu kuliko alivyoweza kuvumilia baba yake, "Umepoa." Na katikati ya hayo mawili ilikuwa sauti ya mashine, ambayo Kagua aliisikiliza kuliko alivyowahi kusikiliza injini yoyote, akijua safari hii kwamba haipo sauti atakayoisikia akaweza kuirekebisha.

"Moto."

"Subiri upoe," baba akasema.

"Mama amelala, baba?"

"Silali," mkewe akasema, macho yamefumba. "Nawasikilizeni... mnavyopika."

Binti akacheka, na kicheko kikamtoka na kitu kingine, akapangusa pua kwa bega kwa sababu mkono haukuwa huru.

Walipofika, Kagua alisimamisha gari pale pale mlangoni penye kibao cha kukataza, akapiga honi mpaka wahudumu wakatoka na kitanda cha magurudumu. Vidole vya binti vilikuwa na mstari mwekundu. Waya ulikuwa umelainika mahali pamoja, umeanza kung'aa, lakini ulikuwa mzima.

Huko ndani oksijeni ilitoka ukutani. Walimvalisha mkewe barakoa, wakafungua bomba, na hewa ikaja kwa mshindo ambao mashine yao isingeweza kuufikia. Midomo yake ilirudi pole pole. Daktari, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya chini, aliwasikiliza, akawatoa hadi kwenye korido.

"Mmefanya vizuri kumfikisha," akasema. "Ila ile mashine, baba, kwake imekwisha kazi. Hata ikiwa mpya. Hawezi tena kurudi nayo nyumbani."

"Ipo kubwa zaidi?"

"Zipo. Tatizo haliko kwenye mashine."

"Daktari, mimi nitafunga waya mnene. Nitaweka betri ya pili nyuma ya gari, maalumu kwa ajili yake. Nitafanya leo leo."

Daktari alimwacha aeleze: waya wa unene gani, utapita wapi, utafungwaje usikwaruze chuma. Alipomaliza, daktari alimgusa mkono juu ya kiwiko. "Hapa tutampunguzia tabu. Kaeni naye. Hiyo ndiyo kazi iliyobaki."

Binti alikuwa ameshaingia ndani. Kagua alibaki kwenye korido, grisi kwenye mistari ya viganja, akitafuta pa kuifutia. Alipoingia, mkewe alikuwa amefungua macho. Barakoa ilikuwa imefunika maneno yake, kwa hiyo alimwita kwa kidole. Kagua aliinama.

"Umekula?" akauliza mkewe.

"Nimekula," Kagua akadanganya.

Mlinzi alichungulia mlangoni, akiwa na haya kidogo. "Samahani, mzee. Lile gari la mizigo ni lako? Limezuia njia. Kuna wagonjwa wengine wanaingia."

"Nenda, baba," binti akasema. "Mimi nipo."

Gari liliwaka mara moja, bila kusita. Aliliondoa mlangoni, akafuata mshale wa maegesho. Palikuwa pamejaa. Alikwenda hadi mwisho wa safu ya kwanza, ya pili, akatoka upande wa pili wa jengo, akapita chini ya madirisha ya wodi, mengi, yenye mapazia ya rangi moja. Alipunguza mwendo akijaribu kubaini lipi ni la kwao. Kwenye moja mtu alisimama akafungua pazia, akalifunga tena. Gari la nyuma yake likapiga honi, fupi, ya adabu. Kagua akainua mkono kuomba radhi, akaingiza gia, akasogea mbele taratibu, akitafuta nafasi.