Vibano vya Mkono Mmoja

Mume wangu ni fundi wa milango na mageti ya chuma, na kama mafundi wenzake wote wa mtaani, alikuwa anadharau vibano vya kushikia chuma. Kazi ilishikwa kwa mkono wa kushoto, ikakanyagwa kwa kiatu, ikachomewa kwa mkono wa kulia. "Anayefunga chuma kama mbuzi ni mwoga," alizoea kusema, na wenzake wakicheka. Kisha kiharusi kikampitia, kikamwachia mkono wa kushoto unaoning'inia tu, hauna habari na mwenyewe.

Watu walikuja kutupa pole mpaka pole zenyewe zikanichosha. Aliyenikera zaidi ni shemeji yangu, kaka yake mkubwa. Alikaa kwenye kiti chetu kizuri, akashusha pumzi ndefu.

"Shemeji, tuseme ukweli. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Jumamosi nakuja na pikapu niichukue mashine ya kuchomea, tuiuze. Ndugu yangu nitamweka dukani kwangu, akae kivulini, apokee wateja."

"Sisi hatuchinji ng'ombe, shemeji. Tunachomea vyuma."

Mume wangu hakutia neno. Alikuwa anatazama ukuta. Hapo ndipo nilipoumia, kwa sababu mkono ningeuzoea, lakini ule ukimya sikuuweza. Mtu aliyekuwa akigombana hata na redio!

Mimi si wa kukaa nikalia. Miaka yote nilikuwa nampigia msasa na rangi kazi zake, na macho sikuwa nimefumba. Nikanunua bamba nene la chuma kwa wauza vyuma chakavu, nikalisimamisha juu ya miguu imara, nikalitoboa matundu kwa keekee kutoka ukingo hadi ukingo ili kibano kisimame popote ninapotaka. Nikatafuta na vibano vya mpini. Unausukuma mpini kwa kiganja kimoja, kibano kinakiuma chuma, na hakiachi mpaka uurudishe.

"Hii ni meza ya hospitali," mume wangu akasema alipoiona.

"Basi ingia utibiwe."

Akaingia, kwa shingo upande. Kulikuwa na fremu ya mlango iliyoagizwa kabla hajaugua, na mteja, mwenye nyumba, alikuwa bado anaisubiri. Tukapanga vipande vinne vya bomba la mraba juu ya meza, tukavibana kila kona. Akavaa kioo cha kuchomea, akachomea. Mshono ukatoka mzuri kama wa cherehani. Lakini huyu ni mtu aliyezoea kushika kwa mkono, na kuchomea kukiisha, mkono huachia. Chuma kikiwa bado cha moto, akarudisha mipini yote, pa, pa, pa. Kona moja ikainuka mbele ya macho yetu, fremu ikajipinda, ikagoma kulala.

Akavua kioo. "Umeona? Kaka kasema kweli."

"Kaka yako hajui hata rodi inashikwa wapi! Chuma cha moto ni kama mtoto unayemlaza. Ukimwachia kabla hajasinzia, anaamka na wewe."

Tukakata zile kona, tukaanza upya Jumamosi asubuhi. Alipomaliza kuchomea, mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye mpini. Nikaona maneno hayatatosha. Nikasimama kati yake na kazi, mikono kiunoni.

"Toka."

"Sitoki. Kipoe kwanza."

"Mwanamke, toka kwenye meza yangu!"

Alinifokea, jamani, nami nikafurahi kama niliyepewa zawadi. Tangu augue hakuwahi kuita kitu chochote chake. Sikutoka, lakini nilifurahi.

Shemeji akatukuta hivyo hivyo, kamba begani, pikapu ikinguruma nje. "Mashine iko wapi?"

"Iko kazini. Kaa usubiri na wewe."

Tukasubiri, watatu. Mume wangu akawa anagusa kona kwa mgongo wa kiganja na kuutoa haraka. Baadaye akagusa, mkono ukabaki pale pale. Nikampisha. Akarudisha mipini polepole, mmoja baada ya mwingine, na mimi pumzi nimeibana kifuani. Fremu ikalala kimya. Akanasisha ncha ya futi ya kupimia kwenye kona moja, akavuta hadi kona ya mkabala, kisha akapima zile mbili nyingine. Vipimo vikalingana, fremu haijapinda hata kidogo.

Shemeji hakuamini. Akapima mwenyewe, akailaumu futi, akapima tena.

"Sasa pikapu nimeikodi bure?" akauliza.

"Nani kasema bure?" mume wangu akamjibu. "Pakia fremu. Mwenye nyumba anasubiri mlango."

Shemeji akapakia, akafunga kwa kamba yake mwenyewe. Mume wangu akapanda mbele kando ya dereva, akauinua mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, akauweka mapajani. Kisha akachungulia dirishani, amenikunjia uso.

"Unangoja nini hapo? Lete vibano. Vyote."