Pazia la Angani

Karambu hakutoka Kanja mpaka Nchiru ili aambiwe amezeeka. Hilo magoti yake humkumbusha kila asubuhi. Alikuja kuishi angani.

Chombo chenyewe cha angani hakikuwa popote. Kilikuwa ndani ya miwani mizito iliyoziba macho kabisa. Mkwewe Kirimi, mume wa bintiye Gatwiri, alikiunda kwa kompyuta ili watu wayaonje maisha ya angani bila kutoka chumbani: kijumba chembamba, dirisha la giza, vitanda viwili. Anayevua miwani kabla ya jioni ameshindwa. Wazee wawili walishavua. Akivua wa tatu, Kirimi angeandika kwamba wazee hawaiwezi safari hiyo, na Karambu aliapa upuuzi huo hautaandikwa.

Asubuhi ilipita vizuri. Aliitazama dunia, ndogo kama kiazi, akasema anawaona ng'ombe wa jirani yake Mbaka wameingia tena kwenye mahindi yake.

Saa ya kupumzika, Kirimi naye akavaa miwani, maana safari ilikuwa ya watu wawili. Karambu akajilaza, akageuka, akamkuta mkwewe kwenye kitanda cha pili, karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Akaketi wima. Kwao mkwe hata mlango wa chumba anacholala mama mkwe hausogelei. Akamwagiza Gatwiri atundike leso katikati. Ikatundikwa, lakini ndani ya miwani Kirimi alikuwa bado palepale, amejinyoosha.

Kirimi, kwa kuona haya, akavua yake na kumsihi waishie hapo.

"Sivui," akasema Karambu. "Chora pazia."

"Mama, kwenye chombo hakuna pazia."

"Kwani huko mtapeleka mayatima watupu, watu wasio na wakwe?"

Gatwiri akamwambia mumewe basi amvue Mama hiyo miwani. Kirimi akanyoosha mikono, ikakwama hewani. Kichwa cha mama mkwe hakiguswi. Karambu hakuiona mikono ile, ila alijua ilipo. Akainua kidevu.

"Nivue, kama kwenu hawakukufunza adabu."

Kirimi akarudi kwenye kompyuta. Chai yake ilishapoa pazia la kijivu liliposhuka katikati ya chombo. Karambu akalinyooshea mkono, ukapita hewani. Akasema limeshonwa vizuri, ila rangi ni ya jela. Kisha akalala, akakoroma.

Jioni Kirimi akavaa tena miwani, akasimama mbele ya pazia alilolichora mwenyewe, lisilozuia hata nzi.

"Hodi, Mama. Umeshinda. Sasa unaweza kuvua."

"Andika kwanza," sauti ikajibu nyuma ya pazia. "Halafu unisomee."