Maji ya Ng'ombe wa Leboo

Mwaka wa pili huu tangu mwanangu Faraji auawe kwa sime shambani kwake, akifukuza ng'ombe waliokuwa wakimaliza mahindi. Aliyemkata, Leboo, yuko jela. Kesi ilisikilizwa Korogwe, nilikwenda mara tisa. Ng'ombe wake wamebaki hapa Handeni na kiu yao, na ufunguo wa bomba la kijiji ninao mimi.

Nimechoka na watu. "Shikamoo bibi, umewafungulia tena?" Marahaba, nimewafungulia. Nani kati yenu amewahi kuniuliza nimeamkaje?

Jumamosi mdogo wake Faraji, Sadala, alikuja kutoka Manundu anakotengeneza pikipiki. Chai hakunywa. Alichukua ufunguo, akasema anakwenda kunijazia birika la mifugo. Nikafurahi, mjinga mimi. Nilipomfuata, harufu ilinipokea kabla yake.

"Mbona maji yananuka?"

"Kutu ya bomba, mama."

"Bomba la plastiki lina kutu?"

Nikatazama chini. Kwenye majani palikuwa na chupa tupu ya dawa ya viwavi.

"Ni ng'ombe tu," akasema. "Mtu sijamgusa."

"Na watoto wao wanaochota hapo hapo?"

"Faraji naye aliacha watoto!"

"Wanalelewa na nani? Usinihesabie wajukuu zangu."

Vumbi likatokea. Simaloi, mke wa Leboo, alikuwa anateremka na kundi, na ng'ombe walishasikia maji, wanakimbia. Nikawakimbilia na fimbo, miguu yangu hii mibovu.

"Rudisha! Rudisha ng'ombe!"

Simaloi akawazuia kwa shida, akanitazama.

"Kumbe hata wewe, bibi. Nilijua ipo siku utachoka kujifanya mwema."

Nikashusha fimbo. Ningesema nini, na mwanangu amesimama pale? Akageuza kundi, ndama wakilia, nami nikabaki na lawama isiyo yangu.

Tulichimba shimo, tukayamwagia humo yale maji, tukafukia. Birika tukalisugua mara tatu. Sadala akafuta mikono.

"Basi, yameisha."

"Hayajaisha. Twende ukawaite. Umwambie mwenyewe ulichotia."

"Mama! Wataniua."

"Nitasimama mbele yako."

"Leboo alikuomba lini msamaha wewe?"

"Hajaniomba! Miaka miwili nautoa bila kuombwa, unaniuma kama jipu, na wewe unataka kuniongezea wafu. Wa kwetu nimzike, wa kwao nimzike, halafu nikuzike na wewe. Mikono yangu imechoka na udongo, Sadala."

Alikaa ukingoni mwa birika, akalia, ndiyo mara ya kwanza tangu mazishi. Sikumbembeleza. Jua lilikuwa kali na ng'ombe wa watu hawajanywa.

Mwishowe akainuka, akashika njia ya bomani kwa Simaloi. Alikwenda taratibu kuliko hata mimi, ikanibidi nimsukume mgongoni.