Mahali pa Kumkalisha Mama Mkwe

Mimi sina subira na mambo ya kuzungukazunguka, na safari ile ilituzungusha wiki nzima. Ilikuwa mwaka wa sabini na nne. Naliaka, mpangaji wangu hapa Kangemi, Nairobi, alikuwa amealikwa kuimba Jumapili kwenye uwanja wa wazi karibu na katikati ya jiji, ule wenye ngazi za mawe zilizopangwa nusu duara, jukwaa likiwa chini.

Mama yake, Rasoa, alikuwa amekuja kutoka Bungoma. Alilala kwangu, kwa sababu kwao Ubukusu mama mkwe halali chini ya paa la mume wa bintiye. Hawali pamoja wala hawatazamani usoni. Zadock, mume wa Naliaka, akisikia mama mkwe amekohoa uani, alijifungia ndani. Siku moja walikutana ghafla sokoni ninakouza mboga, na yule bwana, na suti yake mpya ya suruali pana, akachutama nyuma ya kabichi zangu mpaka mama akapita. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sisi Wakikuyu pia tunawaheshimu wakwe, lakini hatujifichi kwenye kabichi.

Kule kijijini Mama Rasoa alikuwa amemsikia bintiye redioni. Aliwaambia majirani, nao wakamcheka, wakasema akina Naliaka ni wengi. Alinieleza tukichambua mboga kwamba hata yeye alianza kuyashuku masikio yake. Kwa hiyo hakuja Nairobi kutazama maghorofa. Alitaka kumwona mtoto wake akifungua mdomo na sauti ile ikitoka. Jumatatu alikuwa anarudi, palizi inamngoja, na safari nyingine hakuitarajia. Tatizo ni kwamba aliyempigia Naliaka gitaa alikuwa Zadock mwenyewe. Wawili hao walikaa bega kwa bega jukwaani, ukimtazama mmoja umemwona na mwingine.

Nikasema penye nia pana njia, nikaanza kupanga. Usafiri haukunisumbua: Zadock angetangulia na wanamuziki wenzake, sisi tungefuata na pikapu ya mume wangu Kihara, ile ya kubebea mboga kutoka Kinoo. Kazi ilikuwa kiti. Alhamisi tulipopeleka mzigo mjini, nilimlazimisha Kihara tupitie uwanjani. Nilikaa ngazi ya juu, nikakaa ya chini, nikakaa pembeni kushoto na kulia, huku Kihara amesimama jukwaani akijifanya Zadock. Kila nilipokaa nilimwona mpaka vifungo vya shati. Hapakuwa na nguzo wala pazia. Aliyeujenga uwanja ule hakuwa na mkwe.

Nyuma ya jukwaa palikuwa na nyasi, mtu angeweza kukaa akasikia vizuri. Nilipompelekea Mama Rasoa habari hiyo alitikisa kichwa. Kusikia alishasikia. Akasema basi haendi, atabaki kufua nguo zake za safari. Nikamuuliza heshima gani hii inayomnyima mzazi mtoto wake.

"Heshima si utumwa, mama," aliniambia bila hasira. "Huyu kijana hajawahi kuniaibisha. Mimi nikimwangalia mbele ya watu, nitakuwa nimemvua nguo."

Jioni hiyo Naliaka alikuja na macho mekundu, akaleta ujumbe wa mumewe: mama aende, na akae mbele kabisa. Hakusema zaidi. Mimi nikadhani mji umeshamharibu, sasa anataka kuvunja mila hadharani. Mama Rasoa aliniomba pasi. Mkwe amesema, aliniambia, tutaenda.

Jumapili uwanja ulijaa mpaka ngazi za juu. Tulikaa mbele, mama amejifunika leso kichwani, macho kwenye viatu vyake. Wanamuziki waliingia. Wa mwisho alikuwa Zadock, suti imenyooka, uso ameuinamisha. Alichukua kiti chake, akakigeuza, akakaa akitupa mgongo sisi sote. Yule mwanamume aliyependa kioo kuliko chai!

Nilimgusa mama begani, nikamwambia sasa anaweza kutazama. Aliinua macho. Naliaka alikuwa amesimama mbele yake, hatua chache tu.

Lakini watu hawakujua. Mmoja alipiga mluzi, wengine wakafuata, mara uwanja mzima ukawa unapiga kelele mpiga gitaa ageuke, kwani ametudharau? Mwongoza shughuli alikuja mbio, akashika kiti cha Zadock akitaka kukizungusha. Zadock alikaza miguu. Naliaka alifungua mdomo, sauti ikakwama. Nikaona tumemleta mama wa watu kutoka mbali kuja kushuhudia aibu.

Ndipo Mama Rasoa akasimama, akawageukia watu.

"Wacheni mkwe wangu!" alisema, na nikajua Naliaka alirithi wapi koo lile. "Hajawadharau. Mimi ndio mama mkwe yake, nimekaa hapa mbele. Amenipea mgongo ndio niweze kuona mtoto yangu."

Kisha kutoka ngazi za juu mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wa pili akapokea, na wanaume wazima kutoka magharibi, wanaoijua mila hiyo, wakavua kofia. Mwongoza shughuli aliachilia kiti kana kwamba kimemchoma. Zadock hakugeuka. Alipiga nyuzi, na Naliaka akaimba.

Aliimba akimtazama mama yake usoni. Mama alikodoa macho kwenye mdomo ule, midomo yake mwenyewe ikifuata maneno, machozi yakimwagika bila kufutwa. Nilifurahi mpaka kifua kikaniuma.

Wimbo ulipokwisha uwanja wote ulisimama. Wanamuziki wakainama kushukuru. Zadock naye akainuka akainama, akiielekea miti ya nyuma, na hapo makofi yakazidi kuliko mwanzo. Mama Rasoa akavuta leso yake vizuri, akauinamia mgongo ule kwa adabu zote, kisha akaniambia sasa anaweza kwenda nyumbani.