Masikio ya Kemosoto

Zilikuwa zimebaki siku nne wakaguzi wa maji wafike Kemosoto, na kwa siku hizo nne ukoo mzima ulikuwa na kazi moja tu: Sadock asionekane.

Sadock alikuwa dereva wa boza la maji mgodini. Alfajiri moja alimwona msimamizi wake akifungua koki ya bwawa la maji machafu, maji yakashuka kijitoni, naye akatoa simu akapiga picha sita. Kufikia saa nne ng'ombe kumi na mmoja wa mzee Waitara walikuwa wamelala ubavu, matumbo yamevimba kama magunia ya pamba. Mgodi ukasema ni ugonjwa. Mgodi haukosi la kusema. Visima vilipokauka ulisema ni mabadiliko ya hali ya hewa. Nyumba zilipopasuka kwa baruti ulisema wenyeji hawajui kujenga. Watu wa Kemosoto hawana kabati la mafaili, lakini hawasahau.

Wiki ile ile Sadock alifukuzwa kazi. Kisha magari asiyoyajua yakaanza kupita polepole mbele ya nyumba yake, yakigeuzia penye mti wa mnyaa na kurudi. Akazima simu, akavuka kwenda upande wa Serengeti, Busawe, kwa mama yake mdogo Naomi, akae huko mpaka Jumatatu ya wakaguzi, siku ya kutoa ushahidi. Aliondoka na picha zake, na hakuna mwingine aliyekuwa nazo.

Dada yake Agustina alibaki Kemosoto akijifunza Kiingereza.

Alijifunza mikono ikiwa ndani ya unga wa maandazi, simu imelazwa kwenye bakuli la bati ili sauti ikue. Ndani ya bakuli waliishi Waingereza: majirani wanaosalimiana juu ya ua, mama anayesubiri basi kwenye mvua, mzee anayenunua mkate na kuomba radhi bila kosa. Somo moja kwa siku, dakika kumi na mbili, miezi minane. Alisikiliza kwanza bila kusema, kisha akasema pamoja nao, kisha akazima sauti yao akabaki na yake. Wateja walimcheka.

"Mzungu wetu mweusi," mzee Waitara alikuwa akimwambia kila asubuhi, "leo umegombana na nani ndani ya bakuli?"

"Shikamoo, tata. Leo tumezungumzia mvua."

"Marahaba. Miezi minane mnazungumzia mvua, na hainyeshi."

Alicheka, lakini ndiye aliyemsukuma ajifunze. Waitara alikuwapo mwaka mgodi ulipohamisha makaburi. Mkalimani aliletwa kutoka mjini. Wazee walisema neno moja, hatutaki. Mkalimani akaongea dakika nzima, na wageni wakapiga makofi. Tangu siku hiyo Waitara alikuwa akitafuta mtoto wa Kemosoto wa kukaa kwenye kiti kile. Tangazo la kazi ya ukalimani lilipobandikwa kwenye geti la mgodi, Sadock mwenyewe, kabla hajaondoka, alimwambia dada yake, "Nenda. Tunahitaji masikio yetu humo ndani."

Aliitwa Alhamisi.

Ofisi ilikuwa kontena lililopakwa rangi nyeupe, na ubaridi wa humo ndani ulimsimamisha vinyweleo. Mzungu aliitwa Colin, mshauri wa mahusiano na jamii, mwembamba, ana soksi zenye picha za bata. Pembeni alikaa Ezekiel, afisa wa ulinzi, mtu wa mkoa mwingine, kimya, daftari gotini.

"Hakuna mtihani," Colin alisema kwa Kiingereza. "Tunywe chai tu, tupige soga. Umekuja vizuri? Jua limekuwa kali, sivyo?"

Agustina alitaka kulia kwa furaha. Ilikuwa sauti ya bakuli. Alielewa kila neno, hata yale yaliyomezwa nusu. Na mwalimu wa ndani ya simu alikuwa amemfundisha kanuni ya mazungumzo ya Waingereza: usijibu kwa neno moja kama mtu aliyekamatwa, jibu, ongeza jambo moja, kisha rudisha swali. Akajibu, akaongeza, akarudisha. Colin akatabasamu, akasema lavli, yaani vizuri sana.

"Mwisho wa wiki huwa unafanya nini?"

"Nakwenda kanisani, kisha naosha nguo. Jumapili iliyopita nilimtembelea mama yangu mdogo. Na wewe?"

"Mimi navua samaki, nikipata nafasi. Mama yako mdogo anaishi mbali?"

"Busawe. Ni mbali kidogo, barabara ina vumbi. Unapenda samaki gani?"

"Sangara. Busawe, lavli. Yupo peke yake, maskini, au ana watoto?"

"Ana shamba la mihogo na ng'ombe wanne. Sasa kaka yangu yupo naye, anamsaidia. Wewe una kaka?"

"Wawili, na wote wavivu. Wako ni mchapakazi?"

"Sana. Kila asubuhi anapeleka mahindi mashineni kwa baiskeli. Hawezi kukaa bure."

Colin akacheka. Ezekiel akafunga daftari, akainuka, akatoka taratibu, akaurudisha mlango bila kuubamiza. Agustina alifurahi kwamba limepungua jicho moja. Wakaongea dakika ishirini nyingine, wakafika kwenye paka. Akatoka na biskuti mbili kwenye tishu.

Nyumbani mama yake alikuwa uani akipepeta ulezi. Alitaka kusikia yote.

"Alikuuliza nini?"

"Mambo ya kawaida tu, mama. Soga."

"Nitafsirie hiyo soga."

Agustina akaanza, kwa Kikurya, akiiga sauti ya Colin ili mama acheke. Aliuliza wikiendi nafanya nini. Aliuliza mama mdogo anaishi wapi. Kufikia hapo ulimi wake ulikuwa umeanza kuwa mzito. Aliuliza anaishi na nani. Aliuliza huyo aliye naye anafanya nini asubuhi.

Ungo ulisimama.

Katika nchi hii mtoto hajajua kufunga kamba za viatu ila ameshajua kwamba mgeni haambiwi ng'ombe wamelala wapi. Mgeni anayeuliza zizi liko upande gani, nani analinda, na wanatoka kuchunga saa ngapi, huyo si mgeni, ni jicho la wezi wa mifugo. Unampa maji, unamwonyesha mlima mwingine. Agustina alijua hilo kabla ya kujua kusoma. Kwa Kikurya asingetoa hata jina la kijiji. Kwa Kiswahili angemtazama mtu huyo mara mbili. Lakini Kiingereza kilimjia kama somo, na katika masomo yote ya miezi minane hakuna Mwingereza hata mmoja aliyekuja kuiba ng'ombe.

"Mpigie Naomi," mama alisema. Hakupandisha sauti.

Simu iliita muda mrefu. Naomi alipopokea alikuwa anahema kwa furaha.

"Agustina, mbona hukuniambia? Wageni wako wamefika."

"Wageni gani, mama mdogo?"

"Hawa watatu, wa gari jeupe. Wanasema ni wenzako wa kazini, wamemletea Sadock habari njema. Watu wa adabu sana. Mmoja, Ezekiel, amenisalimia shikamoo mpaka nikaona haya. Nimewawekea chai. Sadock ameenda mashineni, yuko njiani anarudi."

Agustina akamwambia kwa Kikurya, maneno machache, moja baada ya jingine, kwamba hao si wenzake. Kisha akamsikia Naomi akiinua sauti, kwa Kiswahili, akiwaambia watu wa uani, "Huyu binti ananikumbusha. Sadock hayupo tena Busawe, ameondoka jana kwenda Nyambureti. Mimi uzee huu nachanganya siku."

"Hamna neno, mama," sauti ya mwanamume ikajibu. "Chai ni nzuri. Tutaimaliza."

Naomi hakukata simu. Aliiweka mahali, juu ya kiti labda, akaenda. Agustina akabaki ameibana sikioni. Alikuwa amejizoeza kusikiliza hivyo, kutenganisha maneno na upepo, vikombe na mlango, na sasa alisikia kila kitu: kuku, kijiko, mtu anakohoa, mtu mwingine anasema kwa Kiingereza kwenye simu yake kwamba bado, dakika chache tu. Akamsikia Naomi akiwaaga kwamba anakwenda kuteka maji, hatua zake zikielekea njiani, kisha sauti ile ile ya adabu ikimwambia, "Kaa tu, mama. Kijana atateka."

Baiskeli ya Sadock ilikuwa na mlio kwenye mnyororo. Ilisikika ikiingia. Ikasimama.

"Habari zenu," Sadock alisema.

"Nzuri, mura, kijana wetu. Mwenyewe ndiye wewe?"

Agustina akapiga kelele kwa Kikurya, kimbia, mara tatu, mpaka mama akamshika bega. Hakujua kama simu ndogo juu ya kiti inafikisha sauti uani. Alisikia gunia likianguka, Naomi akilia, milango ya gari, mmoja, miwili, mitatu, minne. Baada ya hapo kuku tu.

Kituo cha polisi Naomi aliambiwa mtu mzima hapotei kwa siku moja. Ijumaa aliambiwa hivyo hivyo. Jumamosi barua ililetwa Kemosoto kwa pikipiki ya mgodi: Agustina amepata kazi, aanze Jumatatu, kwenye mkutano wa wakaguzi.

"Usiende," mama alisema.

Waitara aliikunja barua, akaifungua, akaikunja tena. "Miongoni mwetu mkalimani ndiye peke yake anayepewa kipaza sauti," alisema. "Sisi watatuketisha nyuma ya kamba."

Jumatatu walikaa nyuma ya kamba, mamia, kwenye uwanja wa shule. Wakaguzi watatu kutoka mbali, mmoja wao mgeni wa Kizungu, walikaa mezani pamoja na Colin. Agustina alisimama pembeni na kipaza sauti, amevaa kitambulisho shingoni. Jina la Sadock Wangwe likaitwa. Likaitwa tena.

Colin akainama kwenye kipaza chake. Alisema kwa masikitiko kwamba shahidi alialikwa kwa heshima zote na ameamua kutofika, na kwamba kampuni inabaki na moyo wa ushirikiano. Akamgeukia Agustina, akamtikisia kichwa atafsiri, kama anavyotikisiwa mtu wa nyumbani.

Agustina akaleta kipaza mdomoni. Alizungumza Kikurya.

"Mimi ndiye niliyemtoa kaka yangu. Alhamisi nilikunywa chai na huyu, akaniuliza zizi liko wapi, nikamwambia. Sikulipwa, nilisifiwa. Saa saba mchana gari jeupe lilikuwa Busawe, Ezekiel yumo. Kaka yangu hajaonekana tangu hapo. Nimesema mbele yenu, mnihukumu mtakavyo."

Mkaguzi wa Kizungu akauliza amesema nini. Colin akasema, harakaharaka, kwamba ametafsiri tu maneno yake kuhusu shahidi.

"Hapana," Agustina alisema kwa Kiingereza. Na akaanza upya, polepole, kwa yule mkaguzi: siku, saa, rangi ya gari, jina la Ezekiel, majibu yake mwenyewe yote aliyoyatoa, bila kuongeza kitu na bila kurudisha swali. Alifika kwenye milango minne ya gari ndipo kipaza kilipokatwa. Akaendelea bila kipaza.

Nyuma, Waitara alikuwa ameshainua kamba. Hakuitupa. Aliishikilia juu kwa fimbo yake, akiwa ameinama kidogo, ili wanaomfuata wapite chini yake bila kujikwaa, na walipita wengi, wakielekea geti la mgodi kumtafuta Sadock.