Ya Pili au ya Tatu

Marehemu mume wangu alikuwa fundi cherehani, na nyumbani kwetu kulikuwa na vitu viwili ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvishika kwa mikono yenye maji: mkasi wake mkubwa na santuri zake nne. Mkasi nilimpa binti yetu, maana ndiye aliyerithi kazi. Santuri zilibaki kwangu.

Zote nne ni za bendi moja, wanaume wanne wenye nywele za kufika mabegani, wanaoimba kwa lugha ambayo sikuisoma. Shule yangu iliishia darasa la saba. Jina lao lilinishinda kutamka, basi nyumbani tukawaita Wale Wanne. Na santuri hizo hazikurekodiwa chumbani, mlango umefungwa. Zilirekodiwa ukumbini, watu wamejaa, makofi na miluzi humo humo. Tena nyimbo ni zile zile. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimwuliza, "Baba, umenunua wimbo mmoja mara nne?"

Akasema, "Na wewe mbona unakwenda ibadani kila Jumapili? Mungu si yule yule?"

 Nikaanza kusikiliza nikiwa jikoni, mlango nimeuacha wazi kidogo asijue. Mwanzoni niliona ni kelele za kumtoa mtu pepo, au za kumwingiza. Taratibu zikaanza kuachana masikioni mwangu. Ya Kwanza ina ule mnong'ono wa watu kabla muziki haujaanza: viti vinavutwa, mtu anakohoa, kama kanisani kabla mchungaji hajasimama. Hiyo ndiyo niipendayo mimi, na napenda hapo tu. Muziki ukianza narudi kwenye vyombo vyangu. Ya Pili ina ngoma. Wenzake wanaondoka jukwaani, mpiga ngoma anabaki peke yake, anapiga mpaka unadhani wamemsahau. Ya Tatu, mwimbaji anafika kwenye wimbo wa polepole, sauti inamkatika. Kimya. Halafu mtu mmoja huko kwenye watu anacheka kicheko kikubwa, si cha dharau, kile cha kumwambia mwenzio usijali, na ukumbi mzima unaubeba wimbo hadi mwisho. Ya Nne wameshazeeka. Wanachoka mapema na wanashukuru sana.

Mume wangu alisikiliza pamoja na fundi redio wa mtaa wa nyuma. Watu walimwita Spika, kwa kazi yake na kwa mdomo wake. Kisanduku cha mbao kinachotoa sauti ya santuri zetu alikiunda yeye, akamletea mume wangu mabegani kama mtu aliyebeba mtoto. Kila Jumapili alasiri alikuwa kwetu, na kila Jumapili alasiri walibishana.

"Ya Pili ndiyo kubwa," mume wangu angesema.

"Ya Pili ni mtu anapigilia misumari. Ya Tatu ndiyo muziki."

"Ya Tatu ni mtu kasahau wimbo, na wewe unamlilia!"

"Hajasahau, kashindwa. Kusahau na kushindwa ni vitu viwili, we mzee wa vifungo. Shemeji! Hebu njoo uamue."

"Mimi nina vyombo," nilijibu, miaka kumi, neno hilo hilo.

Mume wangu alikuwa na utaratibu mmoja aliouchukua kwenye kazi yake. Sindano ya cherehani huitupi siku inapovunjika. Unaitupa kabla, maana sindano butu huvuta uzi. Sindano ya santuri nayo aliifanyia hivyo. Kila santuri ikichezwa alichora mstari mmoja kwenye ule mfuko wa karatasi wa ndani, ajue sindano imeshapita mara ngapi. Alichora kwa kalamu ya wino wa bluu aliyopewa na Spika siku ya kufungua duka lake la redio. Spika alimcheka: "Wenzako wanasikiliza, wewe unahesabu."

Ubishi wao ulikuwa wa kupendana, na ungeendelea hivyo. Lakini Jumapili moja mzee wa kanisa alikuwa ameketi pale akingoja suruali yake, na Spika akapenda kuchekesha mgeni.

"Huyu fundi wako hasikii kwa masikio," akamwambia mzee. "Anasikia kwa vidole. Na hivyo vidole vyenyewe siku hizi vimechoka. Hujaona koti la mchungaji? Mshono umepinda kama njia ya mbuzi."

Mzee wa kanisa akacheka. Mume wangu hakucheka. Aliinua sindano, akairudisha santuri kwenye mfuko wake, akaenda akafungua mlango akasimama kando yake. Spika alitazama mlango, akanitazama mimi, akachukua kofia yake. Alipotoka, mume wangu aliitupa ile kalamu ya bluu kwenye kopo la vifungo. Kuanzia siku hiyo alichora mistari yake kwa penseli nyekundu ya kutilia alama vitambaa.

Miaka miwili walisalimiana kwa kidevu, huyu ng'ambo hii ya barabara, yule ng'ambo ile. Ugomvi wa wazee ni kama fundo la uzi: kila mmoja akivuta upande wake linazidi kukaza. Mume wangu alipougua, kila Ijumaa tulikuta mfuko wa machungwa mlangoni, bila jina. Alimenya, akanusa, akasema, "Machungwa haya yana mdomo mrefu." Nikamwambia, "Basi mwite." Akageukia ukutani.

Wiki yake ya mwisho ndipo alinishika mkono. Nilidhani ananiachia wosia wa nyumba.

"Mama, nikifa usimwambie Spika."

"Nisimwambie nini?"

"Kwamba ya Tatu ndiyo kubwa."

Nilicheka na machozi yakinitoka. "Miaka yote hii?"

"Usimwambie. Atavimba kichwa hadi asiweze kupita mlangoni. Ahidi mbele ya Mungu."

"Simwiti Mungu kwenye mambo ya santuri," nikasema. Lakini aliniangalia kwa macho yale, na nikaahidi. Neno langu kwa mtu anayekufa ni neno. Binti yangu nilipomsimulia baadaye alisema, "Mama, kwani hiyo ni siri ya jeshi?" Mtoto hajaolewa, hajui.

Siku ya mazishi Spika alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi, akaondoka kabla sijamfikia.

Miezi minane ikapita. Jumapili moja, nimetoka ibadani, hata viatu sijavua, nikasikia mlango unagongwa kama unavunjwa. Nikaitikia karibu mara tatu na mgongaji akaendelea kugonga. Nilipofungua, ni Spika, amekonda, kofia ile ile.

"SHIKAMOO SHEMEJI!" Mtaa mzima uligeuka.

"Marahaba. Mbona unanipigia kelele?"

Akageuza upande wa kulia wa kichwa chake, akauleta karibu na mdomo wangu. Hapo nikaelewa.

Alikaa kwenye kiti chake cha zamani, kile chenye mguu uliofungwa kamba. Akanieleza kwamba sikio la kushoto limeshakufa, na daktari amesema la kulia linaaga. Duka amefunga. Fundi redio asiyesikia ni kama mpishi asiye na ulimi.

"Nimekuja kwa mambo mawili, shemeji. La kwanza, niisikie ya Tatu mara moja kabla mlango haujafungwa. La pili ni kukuuliza." Alizungusha kofia mikononi. "Lile neno la mshono nililisema kwa ujinga wa kutaka watu wacheke. Koti la mchungaji halikuwa na kasoro. Nilijua hata wakati nalisema. Sasa, wewe ni mtu wa Mungu, husemi uongo. Kabla hajafa, aliwahi kusema lolote juu yangu? Aliwahi kusema hata siku moja kwamba juu ya ya Tatu nilikuwa na haki?"

 Nikamsogelea sikioni. "Shemeji, kuhusu hilo niliahidi nisiseme neno."

Nilidhani nimejibu vizuri: sijasema uongo, sijavunja ahadi. Kumbe nimemchoma kisu. Uso wake ulishuka kama pazia lililokatika kamba.

"Basi," akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Mtu hamwapishi mwenzake anyamaze kama ana neno jema. Alikufa na kinyongo. Ni haki yake." Akainuka. "Ya Tatu niachie tu. Nitaisikia kwa kukumbuka."

Nilisimama katikati ya chumba. Nilimwomba Mungu anipe neno la kusema ambalo si kusema, na hakunipa. Nikaangalia rafu. Nikaona zile santuri nne zimesimama kama alivyoziacha. Na hapo likanijia: marehemu alinifunga mdomo. Mikono hakuifunga.

"Kaa chini," nikamwambia. "Santuri utaisikia. Lakini utaitoa mwenyewe."

"Kwa nini mimi?"

Nikaenda jikoni nikailowesha mikono yangu bombani, ili nisiseme uongo. Nikarudi nikamwonyesha. "Mikono yangu ina maji. Unajua sheria ya nyumba hii. Toa ya Tatu. Na ya Pili pia, ziweke pamoja hapo mezani."

Alizitoa kwa vidole viwili viwili, kama alivyofundishwa. Akavuta ya Tatu kutoka kwenye ganda lake, na mfuko wa karatasi ukatoka nayo. Akasita.

"Bado alikuwa anahesabu," akasema, akatabasamu kidogo. Kisha tabasamu likatulia. "Hii bluu ni kalamu yangu."

Mistari ya bluu ilikuwa imejikusanya kwenye kona moja, michache, ile ya Jumapili ambazo Spika alishinda ubishi.

"Na hii nyekundu?"

 Nilielekeza kidevu kwenye cherehani, ilipolala ile penseli.

Akaigeuza karatasi. Nyekundu ilikuwa imejaa upande huo, imezunguka ukingoni, imeingia upande wa pili. Mistari imesimama wima, sawasawa kama mshono wa mkono wake siku zake njema. Akachukua karatasi ya ya Pili. Hiyo bluu ilikuwa imeifunika. Nyekundu ilikuwa mitatu tu. Akazilaza pamoja, akaziangalia hii na hii, midomo ikihesabu. Akafika kwenye mstari wa mwisho kabisa wa ya Tatu, ambao umeinama, umetetemeka, kwa sababu ulichorwa na mtu aliyelala.

"Hata hapa?" akauliza. "Hata kitandani?"

Mimi nilikuwa natazama dirisha. Nje hakukuwa na kitu cha kutazama.

"Shemeji, umeniambia."

"Mimi nimekwambia nini? Mikono yangu ina maji, nimesimama tu."

Aliketi akalia, kimya, kofia usoni. Nikamwachia nafasi. Nilikausha mikono vizuri, nikaiweka ya Tatu kwenye mashine, nikazungusha kitufe cha sauti hadi mwisho. Mungu na majirani wanisamehe.

Aliinama na sikio lake la kulia hadi likagusa kitambaa cha kisanduku. Wimbo wa polepole ukaja. Sauti ikakatika. Ule ukimya. Yule mtu akacheka, kicheko kile ambacho Jumapili za miaka ile miwili mume wangu alikiongezea sauti kila kilipofika, akidhani mimi jikoni siangalii. Hakukuwa na mtu mtaani kwetu aliyecheka hivyo isipokuwa huyu aliyeinama mbele yangu.

"Amecheka?" Spika akaniuliza.

Nikatikisa kichwa kuitikia.

"Sijamsikia," akasema.  Kisha akacheka yeye mwenyewe, kwa nguvu ya mtu asiyejua anapiga kelele kiasi gani, akampita wa santuri. Nilishika meza.

Ilipoisha akasema, "Weka ya Pili."

"Si ulisema ni misumari?"

"Weka, shemeji. Nimwombe radhi fundi."

Nikaiweka. Wenzake wakaondoka jukwaani, akabaki mpiga ngoma. Spika alisogeza sikio, akatikisa kichwa: hapana, halipati kitu. Akakata tamaa, akaegemeza kiganja juu ya kisanduku ili asimame. Hakusimama. Alikiacha kiganja pale. Akaleta na cha pili. Mbao zilikuwa zinatetemeka, niliona hata kikombe mezani kinatembea. Akafumba macho, na vidole vyake vyote kumi vikawa vinaitikia juu ya mbao alizoziranda mwenyewe, pigo kwa pigo, bila kukosa hata moja, hadi mpiga ngoma alipochoka na watu wakapiga makofi.

"Inaingia yote," akasema. "Yote, shemeji. Hapa." Akaninyooshea viganja. "Na nilimcheka kwamba anasikia kwa vidole."

Nililifungua kopo la vifungo, nikapekua mpaka chini, nikaitoa kalamu ya bluu. Nikampa. Ilibidi akwaruze kwanza ndipo wino ukakubali. Akachora mstari mmoja kwenye karatasi ya ya Tatu. Akachora mmoja kwenye ya ya Pili, akautazama, akaukoleza.

Mlangoni alivaa kofia, akageuka. Sauti yake ilirudi kuwa ile ya kusikika mtaa mzima.

"Shemeji! Ya Pili ndiyo kubwa!"

"Nimesikia."

"Lakini jioni ukisali, usizipitishe habari hizi huko juu. Atavimba kichwa. Ahidi."

Safari hii sikuahidi.