Limekuja

...na baridi yenyewe tamu, hakuna wa kuikana, inamshukia Mama Mundhir shingoni mpaka amefungua kifungo cha baibui na kuegemea mto, na mgeni wa posa akishaegemea mto basi mwenye nyumba hujua mambo yanakwenda vizuri, ndivyo tunavyosomana wanawake wa Basra, lakini Mama Sinan aliyekaa mbele yake na rimoti ya kiyoyozi mapajani hakuwa na habari na mto wala kifungo, sikio lake la kushoto lilikuwa ukutani, maana nyuma ya ukuta ule kalala mumewe, Baba Sinan, kimpira puani, na mashine ya hewa pembeni ya kitanda inampumulia, puh... shii... puh... shii... Baba Sinan huyo huyo ambaye kwa hawa wageni yuko Karbala, amekwenda kuzuru na kumtazama kaka yake, ndivyo walivyoambiwa kwa simu, kwa sababu nani atapeleka mwanawe kuoa nyumba yenye mgonjwa wa kifua, watasema ni la ukoo hilo, watasema Shahla naye leo mzima kesho anakohoa, na ndimi za mtaa huu nani asiyezijua, Mama Laith wa nyumba ya pili peke yake anatosha kuharibu harusi tatu kabla hajamaliza kufua... na kiyoyozi kile kinanguruma, kinanguruma, heri kingurume, ndicho kinachoifunika sauti ya mashine, baridi na pazia kwa pamoja, akajisifu moyoni kwa akili hiyo, akajisifu mapema.

"Mama Sinan, nyumba yako pepo," akasema Bahija, mdogo wake Mama Mundhir, mnene, mcheshi, amejipangia biskuti za tende kwenye kisahani kama anayefungua duka, "kwangu mimi jua hili nalala bafuni, nimemwambia mume wangu akinitaka anitafute kwenye beseni," wakacheka, na Mama Sinan akacheka, meno tu, macho yakamwendea Shahla, binti yake, aliyeketi kando ya Mama Mundhir na mkono wake umeshikwa na mama mkwe mtarajiwa kama mtu aliyeshika kuku sokoni na hajaamua, na mezani kikombe cha kahawa cha Mama Mundhir kimejaa vilevile, hakijaguswa, na hakitaguswa, amekiweka chini kwa adabu zote kama wanavyoweka wazee wenye haja, hanywi mpaka aseme lililomleta na ajibiwe, na kikombe kikiwa kimekaa hivyo mwenye nyumba hainuki, akiinuka ameikataa posa, hata kama paja limeingia ganzi, hata kama nyumba inaungua... usiseme inaungua, Wajiha, akajionya Mama Sinan mwenyewe, usiseme neno hilo. Bahija akalamba vidole, akauliza, "Lakini niambie, watoto wa mtaa wenu wana nini? Tulipoingia na gari wametukimbilia kundi zima, Limekuja, Limekuja, kama hawajaona gari tangu wazaliwe." Mama Mundhir akasema ni kwa sababu lile la Mundhir ni jeupe na refu, watoto wanapenda, na Taifa lenyewe limekatika mji mzima tangu adhuhuri, watoto wafanye nini tena ila kukimbiza magari.

Limekatika tangu adhuhuri.

Neno lile lilimwingia Mama Sinan kama maji ya barafu mgongoni, maana Taifa ndilo jina tunaloupa umeme wa serikali, ule wenye nguvu, na ule wa kununua kwa mwenye jenereta ya mtaa tunauita Laini, ampea chache, za kubana kama kiatu kidogo, na Taifa likirudi watoto ndio wanaotangaza, Limekuja, Limekuja, mtaa mzima unaruka, huyu anawasha mashine ya kufulia, yule pampu ya maji, na yeye jikoni alikuwa anapanga vikombe aliposikia Limekuja, hakutazama hata kile kitaa kidogo chekundu cha ukutani kinachowaka Taifa likirudi, akachukua rimoti akabonyeza, kumbe watoto wanasema gari... gari limekuja, gari, si Taifa, ewe Wajiha, wewe ambaye mtaa mzima wanakuita Mama Ampea, wewe unayezima taa ya choo mtu akiwa bado ndani, unayegandisha chupa za maji Taifa likiwepo ili Laini ikija friji ipumzike, uliyetundika blanketi kwenye kila dirisha la jua mpaka Sinan mwanao akasema, mama, tunaishi ndani ya godoro, uliyemnyang'anya Shahla pasi mkononi, nguo ivaliwe na makunyanzi yake, nani anakutazama mgongoni... leo umewasha kiyoyozi juu ya Laini, na mashine ya hewa iko kwenye Laini hiyo hiyo, na feni yake, na friji...

Basi mbona haijaanguka, swichi, mbona haijaanguka bado, ah, anajua mbona, Haji Tuma mwenye jenereta amemweleza mara ngapi, swichi yenu ikizidishiwa kidogo, Mama Sinan, haianguki papo hapo, inavumilia, inapata moto pole pole, halafu tak, na swichi yenyewe haiko nyumbani ungesema utaipandisha, iko kwenye ubao wake kule uani kwake, nyuma ya geti, na saa hizi Haji Tuma ni mtu wa kulala, pamba masikioni kwa ajili ya ile ngurumo, gonga mpaka kiganja kivimbe... sasa hivi iko kule inapata moto, peke yake, hakuna anayeitazama. Na friji, subiri, friji inasikika? Haisikiki, imetulia, basi ndiyo salama yake, lakini friji haitulii milele, itajiamsha tu, itajitikisa kama punda, na ikijiamsha juu ya kiyoyozi ndio mwisho wa habari, na mtungi wa hewa wa akiba uko wapi, Sinan ameubeba kwenye teksi tangu asubuhi kwenda kuujaza, amesema magharibi nitakuwa nimerudi, na magharibi iko wapi na saa hizi lami ya nje inanata kwenye viatu.

"...kwa hiyo Mama Sinan," Mama Mundhir alikuwa anasema, amejiweka sawa, sauti imekuwa ya wageni, "sisi tumekuja kwa heri, na Mundhir wetu mnamjua, hana sigara, hana marafiki wa barabarani, kutoka duka la dawa mpaka nyumbani," na Bahija akadakia, "na mama yake ndiye anayemkatia kucha," Mama Mundhir akamwambia wewe kula biskuti zako, na Mama Sinan akamtupia Shahla jicho, jicho kubwa, la toka nje, nenda jikoni, chomoa friji, na Shahla mwanangu wewe, alisoma mwaka mzima kozi ya dawa na jicho la mama yake hajui kulisoma, akadhani anaambiwa ajikaze, akainamisha uso akatabasamu kwa haya, tabasamu zuri la kumuua mtu. Kiangazi kilichopita, kile kikaushio cha nywele cha Shahla, ni dakika tu, mama, dakika tu, na swichi ikaanguka, na mashine ikapiga king'ora mara moja ikanyamaza, na Baba Sinan midomo ikageuka rangi ya bilinganya, naye Wajiha akakimbia mtaani miguu mitupu na lami ile, Haji Tuma anakula tikiti, anauliza kwanza, mmewasha pasi? anatema mbegu kwanza... aliporudi macho ya mumewe yalikuwa wazi yanaitazama dari, hakumgombeza mtu, baadaye sana ndipo aliposema, nilikuwa nasikia visigino vyako, nikasema huyo anakuja, nimngoje. Na leo asubuhi alipoambiwa habari ya Karbala alicheka mpaka akakosa pumzi, akasema kheri umenipeleka Karbala, ungeweza kunipeleka makaburini, halafu akasema, akimshika pindo la gauni la nyumbani, msijali, wakija nitapumua kwa adabu.

Nitapumua kwa adabu. Mtu amefunga ndoa na wewe ukiwa huna hata magego ya mwisho, amekufungulia mlango wa nyumba hii, leo unamwambia apumue kwa adabu, kwa sababu ya Mama Mundhir, kwa sababu ya Mama Laith... na sasa ikigoma mashine king'ora kitalia mara moja, hicho kiyoyozi nacho kitazimika, sote tutasikia, si ndivyo, kiyoyozi kikizimika nitajua, maadamu kinanguruma Laini ipo, basi nguruma, baba, nguruma... lakini kama ni kimpira kimeteleza puani, kama plagi imelegea, ile plagi inayocheza siku zote, kama anagonga ukuta kwa pete yake walivyokubaliana, gonga mara mbili ukizidiwa, kama anagonga sasa hivi? Hasikii. Anatega sikio, anapata kiyoyozi, anatega tena, kiyoyozi tu, uuuu, kama bahari kwenye kombe, amekiwasha mwenyewe ili mume wake asisikike na sasa hasikiki, ombi lake limekubaliwa lote, na jasho likamtoka katikati ya baridi ile, chini ya maziwa, likateremka.

"Mama Sinan dada yangu, mbona umenyamaza? Au tumekosea mlango?" akauliza Mama Mundhir.

"Hamjakosea," akasema, au alidhani amesema.

"Huyo anahesabu mahari," akasema Bahija, "muache, hesabu nzuri haitaki haraka. Ila niongezee baridi kidogo tena, mwenzio nimekuja na mafuta yangu yote," na jikoni, ndani kabisa, kitu kikajitikisa, au gari nje, au friji, ilikuwa friji, taa ya ukumbini ikafifia, ikainuka, ikafifia... na Mama Sinan akatazama kikombe kile kilichojaa, cha maua ya dhahabu, akaona kwamba hakimuogopeshi, tangu kilipowekwa alikuwa anakiogopa kama kisima na kumbe ni kikombe, kahawa imeanza kufanya ngozi juu, na watu hawa wawili, wanawake wawili waliokuja na joto lao na njaa yao, kesho watasema watakalosema, wataambia Basra nzima, na Basra nzima haiwezi kumpandishia swichi, na Shahla asipoolewa kwa Mundhir ataolewa au hataolewa, atakula, atalala, atapumua. Dole gumba likapata kitufe lenyewe.

Kiyoyozi kikafunga mdomo. Kimya kikaingia chumbani, na kwa muda ambao hakuna saa ya kuupima hapakuwa na kitu nyuma ya ukuta, hapakuwa na kitu, hapakuwa na...

puh... shii...

"Nini hiyo?" akauliza Bahija, biskuti njiani.

"Ni Baba Sinan," akasema Mama Sinan. "Hayuko Karbala. Anapumua."

Mkono wa Shahla bado umo mkononi mwa Mama Mundhir, kikombe bado kimejaa, na joto likaanza kuingia kwa chini ya mlango, likawapanda miguuni, magotini, kifungo cha baibui cha Mama Mundhir kikiwa wazi na tone la kwanza la jasho linamteremka shingoni, na Mama Sinan hakulitazama tone wala uso, alikuwa amefumba macho, pumzi ya kwanza ya mumewe ilikuwa imepita na ya pili haijaja, angoje, angoje... puh... shii... ndipo naye akavuta ya kwake.